Je, kukiri kwa mpelelezi kunatosha?

SWALI: Mpwa wangu ameshtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu, Nakuru. Hakuna aliyeshuhudia, ila inasemekana alikiri kwa mpelelezi. Je, atafungwa kwa hilo? – Msomaji, Njoro

JIBU: Pole, ndugu msomaji. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi hakiruhusu maungamo yaliyotolewa kwa mpelelezi wa kesi yenyewe. Hata hivyo, msishushe pumzi mapema. Tangu kesi ya Kipkering arap Koske ya 1949, mahakama hutia hatiani kwa ushahidi wa mazingira (yaani dalili zinazozunguka tukio, hata bila shahidi aliyeliona), mradi usiweze kuelezeka kwa namna nyingine ya kuridhisha isipokuwa hatia ya mshtakiwa: kwa mfano, panga lenye damu chini ya kitanda ni jambo zito, lakini chumba kikilalwa na watu watatu, wakili aanzie hapo.