Sir Mo au Sir Farah?

Ndugu, umeuliza kama kwenye hotuba yako umwite Mo Farah, mwanariadha wa Uingereza, "Sir Farah", na kama cheo hicho cha Sir bado kina kazi. Sema Sir Mo, au Sir Mo Farah. Sir hufuatwa na jina la kwanza. Mkewe ndiye huitwa kwa jina la ukoo, Lady Farah.

Zamani huko Ulaya mwenye cheo hiki alikuwa askari wa farasi: bwana wake humpa ardhi, naye humtumikia vitani, mara nyingi siku 40 kwa mwaka, kwa farasi na deraya yake mwenyewe. Leo ardhi hakuna, ni heshima tu. Mwaka 2017 Mo alipiga goti, Malkia Elizabeth akamgusa mabega kwa upanga, basi. Wageni kama mwanamuziki Bob Geldof wa Ireland hupewa nishani, lakini Sir rasmi hawaitwi.