Nikivuta pumzi ndefu, hofu inazidi

Swali: Nikishikwa na wasiwasi huvuta pumzi ndefu kwa nguvu, kama nilivyoshauriwa. Lakini haipiti dakika mbili, kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo vinakufa ganzi, na hofu inaongezeka. Je, mapafu yangu yana kasoro?

Jibu: Kama kuna maumivu ya kifua, kuzimia, au unakosa pumzi hata ukiwa umetulia, nenda hospitali kwanza. Kama hali hiyo huja pale tu unapovuta pumzi kwa nguvu, yaelekea kasoro iko kwenye ushauri uliopewa.

Mtu mwenye hofu huwa tayari anavuta hewa nyingi kuliko mwili unavyohitaji. Akiongeza nyingine, kabonidayoksaidi hupungua mno katika damu. Hapo mishipa inayopeleka damu ubongoni hubana, na kizunguzungu huanza. Uasidi wa damu nao hushuka, na hiyo ndiyo ganzi unayoisikia. Wengi hudhani wameishiwa oksijeni, wakazidi kuvuta, kumbe oksijeni ipo ya kutosha. Kinachohitajika ni kuvuta kidogo na kutoa polepole.

Keti kwenye kiti, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili zimegusa sakafu. Weka mkono mmoja kifuani na mwingine juu ya kitovu. Anza kwa kutoa hewa, usianze kwa kuvuta. Ikishatoka, vuta kwa pua ukihesabu hadi 3, kiasi chako cha kawaida tu, bila kujaza kifua. Mkono wa tumboni ndio unaopaswa kuinuka; wa kifuani utulie. Kisha toa ukihesabu hadi 4 au 5, midomo imebanwa kidogo kama mtu anayepoza kinywaji cha moto. Hesabu moja iwe kama sekunde moja. Ukizoea baada ya siku kadhaa, vuta kwa 4 utoe kwa 6. Hapo utakuwa unapumua mara 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Dakika 5 zinatosha.

Tunasisitiza kutoa pumzi kwa sababu moyo hupunguza mwendo kidogo kila hewa inapotoka, kwa kazi ya neva ya vagasi inayoshuka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni. Ukirefusha kutoa, unaurefusha muda huo wa moyo kutulia.

Tazama mabega: yakipanda, umevuta kupita kiasi. Usilisukume tumbo kwa misuli. Liache liinuke lenyewe kiwambo, yaani msuli ulio kati ya kifua na tumbo, kinaposhuka. Ukihisi kiu ya hewa, usishindane nayo. Punguza hesabu. Jambo ambalo wengi hulikosea ni kusubiri hofu ije ndipo wafanye zoezi. Fanya asubuhi na jioni ukiwa mtulivu, ili siku ya shida mwili uwe unaijua njia.

Ule mtindo wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi tunaukataa kabisa. Kama tatizo ni pumu au moyo, mfuko utapunguza oksijeni kwa mtu ambaye tayari anaihitaji.

Swali: Darasani kwetu tunaanza yoga kwa kapalabhati. Natoka nikiwa na mshtuko badala ya utulivu, na usiku silali. Nifanye mikao gani nyumbani?

Jibu: Kapalabhati ni kutoa pumzi kwa mikupuo ya haraka ya tumbo. Huamsha mwili, kwa hiyo haimfai mtu anayetafuta usingizi, wala mjamzito au mwenye shinikizo la juu la damu. Mweleze mwalimu wako. Mwalimu mzuri atakuruhusu upumue kawaida wakati wenzako wanaendelea.

Usiku anza na mkao wa mtoto: piga magoti juu ya mkeka, kalia visigino, inama mbele hadi paji la uso liguse mto. Makalio yasipofika kwenye visigino, kunja blanketi uliweke katikati. Paji la uso lisining'inie, maana shingo haitalegea. Kaa dakika 2.

Kisha inua miguu ukutani. Keti ubavu ukigusa ukuta, lala huku ukizungusha miguu juu, na acha nafasi ya shubiri moja kati ya makalio na ukuta. Nyuma ya mapaja ikivuta, sogea mbali zaidi au kunja magoti. Dakika 5 hadi 10, ukipumua 4 kwa 6. Nyayo zikianza kufa ganzi, shusha miguu. Ukimaliza lala kwa ubavu kidogo kabla ya kuketi, usije ukapata kizunguzungu. Mwenye glakoma (ugonjwa wa shinikizo ndani ya jicho), moyo dhaifu, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au mimba kubwa aruke mkao huu, alale kwa ubavu, mto katikati ya magoti.

Swali: Nikifumba macho na kusikiliza pumzi, ndipo hofu inapokuja. Je, yoga hainifai?

Jibu: Inakufaa, ila kwa mlango mwingine. Hali hiyo huwapata watu wengi, hasa waliowahi kupata mshtuko mkubwa. Acha macho wazi, yatue kwenye kitu kimoja kisichosogea. Peleka akili kwenye nyayo badala ya kifua. Na fanya zoezi la mwendo: simama, inua mikono hewa ikiingia, ishushe polepole ikitoka, mara 10. Pumzi itafuata mikono bila wewe kuichunguza.

Swali: Nimefanya mazoezi miezi 2 na najisikia vizuri. Naweza kuacha dawa za wasiwasi?

Jibu: Usiziache ghafla, ndugu yetu. Baadhi yake zikikatwa mara moja huleta kutetemeka, kukosa usingizi, hata degedege. Mwambie daktari aliyekuandikia unavyojisikia. Yeye ndiye atakayeamua kama zipunguzwe, na kwa hatua zipi. Mazoezi endelea nayo kipindi chote hicho.