Hendeli inapiga teke, lakini shambani trekta haina nguvu: usizungushe distribyuta tena

Mkuu, nimesoma maelezo yako. Trekta kuukuu ya petroli, silinda nne, pointi za kawaida (swichi ndogo inayofunguka na kufunga) na koili inayotengeneza cheche. Ukiweka taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, mapema, hendeli inakurudishia teke. Ukiichelewesha inawaka bila shida, ila ikipewa jembe inaishiwa pumzi na ekzosi inapata moto hadi inakuwa nyekundu. Umezungusha distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) huku na huku ukitafuta pa katikati.

Hapo katikati hapapo. Dalili mbili zinazopingana hivyo mara nyingi nimezikuta kwenye injini ambayo taimingi yake imegoma kusogea yenyewe. Unapowasha kwa mkono, cheche inatakiwa itoke karibu na topu (pistoni ikiwa juu kabisa), maana pistoni inakwenda polepole. Injini ikishika kasi, cheche lazima itangulie zaidi, kwa sababu moto unahitaji muda wa kuenea ndani ya silinda na pistoni haiusubiri. Ikichelewa, valvu ya ekzosi inafunguka gesi ikiwa bado inawaka, ndiyo maana bomba linaiva. Kazi ya kutanguliza hufanywa na vizito viwili vyenye springi, vilivyo ndani ya distribyuta, chini ya bamba la pointi. Trekta ikikaa miaka mingi bila kazi, vizito hivyo hugandishwa na kutu au grisi iliyokauka.

Fungua kifuniko cha distribyuta, shika rota (kipande kinachozunguka juu ya shafti), izungushe kuelekea upande inakozungukia. Isogee kidogo, na ukiiachia irudi yenyewe. Ikikataa kusogea, au ikisogea ikabaki hukohuko, umeshampata mwizi wako. Toa bamba, safisha vizito, tia matone machache ya oili nyepesi. Angalia na springi: iliyolegea au kukatika hutanguliza cheche mno, na utasikia injini ikigonga inapobeba mzigo. Kabla ya kufunika, tikisa shafti upande kwa upande. Kama busha zinazoshikilia shafti zimelika, pengo la pointi litakuwa linabadilika kila rota inapozunguka, na hakuna taimingi itakayokaa hapo. Badilisha busha kwanza.

Sasa pengo la pointi. Watu wengi huliruka hili, nami naliona ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa cheche hutoka pale pointi zinapoachana. Pengo likiwa pana zinaachana mapema, likiwa dogo zinachelewa. Kwa hiyo ukipanga taimingi kisha ukarudi kurekebisha pengo, umeiharibu taimingi uliyoipanga. Na usikopi kipimo cha trekta ya jirani. Ford 8N peke yake ina vipimo viwili: zile za mwanzo, zenye distribyuta mbele ya injini, ni inchi 0.015, zile za baadaye, zenye distribyuta ubavuni, ni inchi 0.025. Tena ile ya mbele hupangwa ikiwa mezani, imefunguliwa kabisa. Ulimi wa shafti yake, unaoshika injini, hauko katikati, hivyo unaingia kwa namna moja tu.

Pengo likishakaa sawa, toa plagi zote, ziba tundu la silinda ya kwanza kwa kidole gumba na uzungushe injini taratibu hadi hewa isukume kidole. Huo ndio mpigo wa kubana. Hapo tafuta alama ya digrii ambazo kitabu cha trekta yako kinataja. Usipohakikisha mpigo, unaweza kupanga cheche kwenye topu ya kutoa moshi, na trekta itabaki kucheua kwenye kabureta. Ukiipita alama, rudi nyuma robo mzunguko kisha ikaribie upya kwa mwelekeo wa kawaida, ili ulegevu wa gia uishe.

Alama ikiwa imefutika, pima mzingo wa puli ya kranki na ugawe kwa 360. Puli ya kipenyo cha milimita 200 ina mzingo wa milimita 628, basi digrii 10 ni kama milimita 17.5 kutoka topu. Topu yenyewe, kwa injini yenye valvu juu, ipate kwa kufunga kizuizi kwenye tundu la plagi: zungusha kwa mkono, polepole, hadi pistoni iguse, weka alama, zungusha upande wa pili hadi iguse tena, weka alama. Katikati ya alama hizo ndiyo topu. Kwenye 8N, ambayo valvu zake ziko ubavuni, njia hii haifai.

Waya mnene wa koili uunge kwenye bodi, usiache cheche zicheze karibu na mvuke wa petroli. Unga balbu ndogo kati ya waya mwembamba wa distribyuta na bodi, washa swichi. Legeza bolti ya distribyuta, izungushe kufuata rota hadi balbu izime, kisha irudishe polepole kinyume cha rota. Balbu inapowaka tu, simama na ukaze hapohapo. Waya za plagi nazo zihakiki kwa mpangilio wa silinda kuwaka: 8N hupiga 1-2-4-3, ilhali trekta ya Farmall H ni 1-3-4-2.

Ukitaka kuhakiki kwa taa ya taimingi na trekta ni ya volti 6, ipe taa betri yake ya volti 12. Ongeza kasi uangalie alama inavyosogea; ikitulia palepale, vizito bado vimeganda.

Unapowasha tena, kidole gumba kiwe upande mmoja na vingine kwenye hendeli, na uvute kwenda juu, usisukume chini. Ukishafungua, weka picha ya vizito na springi hapa tuone hali yake.