Fazi yako inapotea jukwaani? Acha kuhangaika na transista, angalia kapasita

Wadau wa magitaa mambo vipi. Kuna watu kama wanne hivi wameniuliza ile pedali yangu ya fazi, yaani kifaa cha kukanyaga kinachokoromesha sauti ya gitaa, ile iliyokaa kwenye kopo la biskuti, nimeinunua duka gani. Sijainunua, nimeiunda mwenyewe, na kabla haijafika hapo ilipo kuna tatu zilitangulia kwenda kufia kwenye droo na transista sijui ngapi nimeziunguza, kwa hiyo leo nimekaa naandika nlichojifunza maana naona vijana wengi wanaanza na kosa lile lile nloanza nalo mimi.

Kosa lenyewe ni kuamini kwamba utamu wote wa fazi uko kwenye transista, vile vijipande vinavyokuza sauti. Unaingia mtandaoni unakuta watu wanagombana miaka nenda rudi, AC128 dhidi ya BC108, ya kiwanda gani, ya mwaka gani, na wewe unaanza kuzisaka kama mtu anasaka tanzanaiti, unasahau kwamba kwenye bendi yako kuna kinanda, kuna besi, kuna ridhimu, kuna ngoma, na gitaa la solo linatakiwa lipate pa kukaa humo humo.

Ya kwanza kuunda ilikuwa Big Muff, yaani nliupata mchoro wake nikaufuata resista kwa resista. Ni mzunguko wa kampuni ya Electro-Harmonix ya New York, wa mwishoni mwa miaka ya 60, una transista nne, na siku naiwasha chumbani kwangu Sinza nlijiona mfalme, sauti nene kama uji wa ulezi, jirani akagonga ukuta. Jumamosi nikaenda nayo kupiga baa moja, zamu ya solo ikafika, nikakanyaga swichi, gitaa likapotea. Sio kwamba lilikata, spika naiona inatetemeka, ila watu hawasikii kitu zaidi ya mvumo kwa mbali kama lori linapita barabara ya pili. Mpiga kinanda akanigeukia akaniuliza kwa macho, vipi, waya umechomoka?

Nikarudi nyumbani nalaumu transista. Nikabadilisha zote nne. Wiki iliyofuata hadithi ile ile.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi redio Kariakoo, mimi nlikuwa nanunua kwake vifaa tu, siku hiyo nimempa shikamoo yake kaitikia marahaba mwanangu, leo unatengeneza nini, nikamwambia mzee nataka gitaa langu likorome. Akavua miwani. "Likorome? Miaka arobaini watu wananiletea redio zinakoroma nizitibu, we unalipa hela ukoromeshe?" Alicheka mpaka akakohoa. Ukweli ni kwamba hajakosea sana, mwanzo wa fazi ni kifaa kibovu: kule Nashville, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 60, chaneli moja ya mikisa studio iliharibika wakati Grady Martin anarekodi besi, badala ya kufuta wakaiacha, na fundi mitambo Glenn Snoddy akakaa chini akatafuta namna ya kuutengeneza ule ubovu makusudi, ndo Gibson wakaja kuuza Maestro Fuzz-Tone mwaka 1962. Yaani pedali ya kwanza ya kukoromesha kuuzwa madukani ilizaliwa na mikisa iliyotakiwa kupelekwa kwa fundi kama huyu mzee.

Basi akauchukua mchoro wangu, akaupitisha kidole, akasimama karibu na mwisho, kabla ya transista ya nne. "Hapa umejichimbia shimo." Akawa anaonyesha kapasita mbili ndogo na resista mbili pembeni ya kitufe cha toni.

Iko hivi. Kwenye Big Muff sauti ikifika kwenye toni inagawanyika njia mbili. Njia ya kwanza inapita resista ya 39k (kiloohm 39) halafu kapasita ya nano 10 inaenda grauni, yaani waya wa pamoja wa mzunguko (dukani uliza 103, ndo namba inayoandikwa juu yake), hii inaacha besi ipite na kuzika ya juu. Njia ya pili inapita kapasita ya nano 3.9, yaani 392, halafu resista ya 22k inaenda grauni, hii inapitisha trebo na kuzika besi. Kitufe cha toni kinachanganya hizo mbili. Matoleo yapo mengi na namba zinapishana, hizi ni za mchoro wangu.

Kujua kila njia inakata wapi chukua 159,000 ugawe kwa kiloohm mara nano, jibu ni hezi. Njia ya besi, 39 mara 10 ni 390, unapata kama hezi 408. Njia ya trebo, 22 mara 3.9, unapata kama 1,850. Sasa jiulize kati ya 408 na 1,850 kuna nani? Hakuna mtu. Bonde tupu, na kina chake kiko maeneo ya hezi 1,000, na hapo ndo gitaa la solo linapoishi pamoja na sauti ya mwimbaji. Ukiwa peke yako chumbani hilo bonde ni tamu, unasikia besi nzito na trebo inayokata, unajisikia mkubwa. Ukiingia kwenye bendi mpiga besi anachukua chini kwake, matoazi ya ngoma yanachukua juu, wewe umebaki na bonde.

Dawa yake ni kapasita moja. Hiyo 392 iache ilipo, ila weka swichi ndogo ya pozisheni tatu inayounganisha kapasita nyingine sambamba nayo, maana kapasita zikikaa sambamba zinajumlishwa. Swichi ikiwa katikati haijaunganisha kitu, unabaki na bonde lako la asili, hilo la kupigia peke yako. Ukiipeleka upande mmoja inaongeza 682, jumla inakuwa nano 10.7 na njia ya trebo inaanzia kama hezi 676, bonde linabaki kidimbwi. Upande wa pili inaongeza 223, jumla karibu nano 26, njia ya trebo inashuka mpaka kama 280, hapo zile njia mbili zimepandana na sauti ya kati inatoka kifua mbele. Hesabu hizi ni za karatasi, ukishaunganisha vitu vinaegemeana na namba zinasogea kidogo, kwa hiyo mwamuzi wa mwisho ni sikio, tena sikio ukiwa na bendi. Mimi nlikuwa napanga toni chumbani usiku kwa sauti ya chini, nikifika jukwaani kila kitu kimegeuka. Siku hizi naenda na pedali haijafungwa mfuniko, na bisibisi mfukoni, nageuza wakati wa mazoezi.

Kama transista nne ni nyingi kwako anza na Fuzz Face, ile ya Arbiter ya Uingereza ya 1966 aliyoipigia sana Jimi Hendrix. Transista mbili, resista nne, kapasita tatu, poti mbili (vile vitufe vya kuzungusha), basi, unaweza kuimaliza mchana mmoja. Yenyewe haina toni kabisa ila una pa kuichonga: kapasita ya mlangoni. Kwenye mchoro ni mikro 2.2, inaingiza besi yote bila kuuliza, ndo maana ukipiga kodi kwenye nyuzi nene sauti inakuwa tope. Weka 104 badala yake, tope linapungua. Weka 473, gitaa linakuwa kali na la kusikika, linaelekea zile fazi za Zambia za miaka ya 70, WITCH na Amanaz, kama hujawahi kuwasikia watafute leo leo. Ya kutokea kwenye mchoro ni 103, ukitaka unene kidogo panda mpaka 473.

Kuna ujanja niliufanya nikajuta, nlitoa toni ya Big Muff nikaibandika moja kwa moja mwisho wa Fuzz Face. Ikafanya kazi ila sauti ikashuka mpaka ukikanyaga pedali gitaa linakuwa dogo kuliko bila pedali, sasa solo gani hiyo. Ule mzunguko wa toni hauna nguvu yake, unakula tu. Inabidi nyuma yake uweke transista moja ya kurudisha (miguu yake mitatu ni kolekta, beizi na emita): kolekta 10k kwenda volti 9, emita 2.2k kwenda grauni, beizi resista ya 390k juu na 100k chini, inakuza mara nne hivi na inatosha.

Na transista je? Silikoni yoyote ya kawaida, BC547, 2N3904, chochote utakachopata. Angalizo moja lililonila usiku mbili: miguu yao haifanani. Ukiishika upande bapa ukikutazama, miguu chini, 2N3904 kutoka kushoto ni emita, beizi, kolekta, BC547 ni kinyume chake, kolekta, beizi, emita. Nlichomeka BC547 kwenye tundu la 2N3904 bila kuigeuza nikapata sauti ya mbu, nikabomoa bodi nzima kutafuta kosa. Siku hizi silehemu transista, nanunua soketi za IC nazikata vipande, nalehemu soketi, transista inachomekwa tu, na kapasita za toni nazo nazifanyia hivyo hivyo mpaka siku nimeridhika.

Jamiumu (germanium), zile transista za zamani kama AC128, zina utamu wake, sikatai. Ukipunguza volyumu ya gitaa sauti inasafika kwa namna silikoni haiwezi. Nlipata mbili kwenye redio mbovu ya zamani aliyoniuzia yule mzee, nikaunda Fuzz Face nazo, usiku ikawa tamu kweli. Wiki ile tukaitwa kupiga harusi ya mchana, banda la bati jua la saa nane, pedali ikaanza kukatika katika, noti haimaliziki, inakufa njiani kama gari limeishiwa mafuta. Jamiumu inavujisha umeme na ikipata joto inavujisha zaidi, ile mizani uliyoiweka usiku kwenye feni mchana haipo tena. Kwa joto la Dar kama unaitaka lazima, ile resista ya 8.2k ya transista ya pili itoe weka poti ndogo ya bisibisi ya 20k, pima kwa mita kolekta ya transista ya pili, igeuze mpaka isome karibu volti 4.5, na ukifika sehemu yenye joto pima tena. Nyingi za zamani ni PNP, aina inayotaka umeme kinyume, na chanya ndo inakuwa grauni, kwa hiyo usiichomeke kwenye adapta moja na pedali zako nyingine, utapiga shoti. Ipe betri yake. Na betri ya bei chee ndo inaipenda zaidi, sijui niseme nini.

Kulikuwa na redio pia. Usiku mmoja nimewasha pedali sijagusa hata uzi, nasikia mtu anahubiri. Nikazima. Nikawasha, anahubiri, tena yuko kwenye toba. Fazi inakuza sana na transista yake ya kwanza inaweza kudaka masafa ya redio na kuyageuza sauti. Lehemu kapasita ndogo ya piko 100, dukani ni 101, kati ya kolekta na beizi ya transista ya kwanza, mhubiri anaondoka. Na kopo lazima liwe la bati au aluminiamu na liunganishwe na grauni, la plastiki litakuletea mpaka matangazo ya mpira. Langu la biskuti nlilikwangua rangi kwa ndani pale jeki inapokaa, bila hivyo rangi inazuia na inavuma tu.

Swichi ya kukanyaga ile ya miguu tisa kwa hapa nlizunguka sana, mwisho nkaagiza China kwa simu, ilikaa njiani wiki kadhaa. Jeki ya kuingilia nunua ya stirio, ule mguu wa ziada unganisha na hasi ya betri, ukichomoa waya wa gitaa betri inazima yenyewe. Kwa ile ya jamiumu ni chanya sio hasi.

Mpiga besi wetu ameshanipa hela ya vifaa anataka ya kwake. Kwake 473 ya mlangoni haifai, inamkata miguu, nitamrudishia 2.2 na kumwekea poti ya kuchanganya sauti safi na iliyokoroma, maana besi ikikoroma yote bendi nzima inabaki haina sakafu. Nikimaliza ntaweka mchoro wake hapa.