Mpangaji hajalipa kodi: je, naweza kupiga kofuli chumba chake?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nina nyumba ya vyumba sita Mbagala, Dar es Salaam. Mpangaji wangu ana mkataba wa mwaka. Alilipa miezi sita ya mwanzo, na sasa amekaa miezi mitatu bila kulipa. Anasema halipi kwa sababu choo kimejaa. Nikipiga kofuli chumba na kushika televisheni yake mpaka alipe, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumus-salaam. Usipige kofuli, ndugu yangu, na televisheni iache. Wala usimkatie umeme au kuezua mabati, maana najua kuna wenye nyumba wafanyao hivyo.

Kupangisha ni ijara, nayo ni mkataba unaozibana pande zote mbili. Wewe umeuza manufaa ya chumba kwa mwaka mzima. Chumba ni chako, lakini kukikaa ni haki yake, na kukiingia bila idhini yake kumekatazwa (Suratun-Nur, aya 27). Hata ukiiuza nyumba leo, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, mnunuzi atasubiri muda wa mpangaji uishe.

Tuje kwenye choo, kwani hapo ndipo mgogoro ulipo. Mafakihi wetu wamelieleza hili waziwazi: mwenye nyumba hukabidhi shimo likiwa tupu. Likijaa baadaye kwa matumizi, kulinyonya ni juu ya wanaolitumia, ila kama mkataba au desturi ya nyumba inasema vingine. Paa linalovuja, mlango uliooza, ukuta uliopasuka, hayo ni yako. Usipotengeneza, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba na kuondoka. Hana hiari ya kubaki ndani akitumia chumba bure. Basi kodi ya miezi mitatu ni deni juu yake hata kama kuhusu choo ana haki.

Wengine watakutajia kauli ya wanavyuoni walioruhusu mdai kujichukulia haki yake. Waliifungia masharti, na huyu wako ana hoja ambayo haijasikilizwa. Isitoshe, ukifungua chumba peke yako akadai kwamba fedha zake zimepotea, wewe mdai utageuka mshtakiwa.

Fanya hivi. Kwanza ujue hali yake. Akiwa hana kitu, Qur'ani imeamrisha angojewe mpaka afarijike (Al-Baqara, aya 280). Mwandikishe deni kwa mafungu. Akiwa anacho, kuchelewesha kwake ni dhulma, kama alivyosema Mtume (s.a.w.). Kisha mpe notisi kwa maandishi: kiasi, miezi, tarehe ya mwisho. Mimi napendelea siku 30. Asaini nakala; akikataa, mkabidhi mbele ya mjumbe na shahidi mwingine. Soma mkataba: kama mna sharti la kuvunjika kwa kutolipa, lisimamie, maana Waislamu hufuata masharti yao. Kama halimo, usiuvunje mwenyewe. Muda ukipita, anzeni usuluhishi kwenye baraza la kata, na ukishindikana nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na mkataba, risiti na notisi. Amri ya kumtoa ikitoka, hutekelezwa na dalali aliyeteuliwa kisheria, si vijana wa mtaani. Kama kuna amana ya uharibifu, usiimege kwa rangi iliyochakaa. Kisheria mpangaji ni mtu aliyeaminiwa na mali yako, halipi ila alichokiharibu kwa uzembe au kwa kuvuka mipaka.

Na ukitaka kumsamehe, usihesabu deni lile kuwa ndiyo zaka yako. Kauli sahihi kwetu ni kwamba zaka haitimii mpaka aipokee mkononi. Ikiwa ni mwenye kustahiki, mpe zaka bila kumshurutisha aikurudishie. Akiamua mwenyewe kukulipia deni kwa fedha hiyo, ni halali yako.

Wallahu a'lam.