Barua kwa mwanangu: herufi K

Mwanangu mpenzi,

Barua yako na ile rasimu zimefika pamoja, nami nimezisoma kinyumenyume: rasimu kwanza, barua baadaye. Ugonjwa wa kazi huo. Mtu aliyekaa miaka 29 akiandika Taarifa Rasmi za Bunge hawezi kuona karatasi yenye vifungu akaipita. Swali lako ni fupi, na umelikaza kama unamhoji shahidi: "Baba, ungekuwa na kura, sheria ya utoaji mimba ilegezwe au ibaki ilivyo? Usinizungushe."

Basi ngoja nikuzungushe kidogo.

Unakumbuka nilichokuwa nikiwaambia vijana wapya idarani. Wewe ulikuwa ukikimalizia mezani kabla sijafika mwisho, kaka yako akijifanya amesinzia: sheria haisomwi kwenye kichwa chake, husomwa kwenye vijineno. "Ila." "Au." "Isipokuwa." "Kwa maoni ya." Waheshimiwa hugombania jina la muswada siku tatu, halafu kijineno kinapita usiku, nusu ya viti vitupu, na hicho ndicho kitakachomkuta mtu kitandani miaka 40 baadaye.

Chukua sheria ya Waingereza ya 1861, ambayo watoto na wajukuu wake bado wamo katika vitabu vya nchi nyingi walizotawala. Ilimtia hatiani anayesababisha mimba itoke "isivyo halali". Sasa, kama kila namna ni haramu, hayo maneno mawili ni ya nini? Yalikaa pale miaka 77. Mwaka 1938 daktari mmoja wa London, Aleck Bourne, akamtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari. Hakujificha, alitaka jambo lifike mahakamani. Jaji Macnaghten akayashika yale maneno, pamoja na sheria nyingine ya 1929, akasema kama ipo isivyo halali basi ipo iliyo halali, na daktari hatakiwi kusubiri hadi mgonjwa awe anakata roho ndipo aseme anamwokoa. Kumwokoa asibaki gofu la mwili au la akili, nako ni kumwokoa. Bourne akaachiwa huru. Bunge halikuwa limebadilisha hata nukta.

Halafu upande wa pili, Ireland. Mwaka 1983 wananchi walipiga kura ya maoni, asilimia 66.9 wakakubali katiba iseme kwamba aliye tumboni ana haki ya kuishi iliyo "sawa" na ya mama. Neno zuri, sawa. Nani atalipinga? Mwaka 2012 Savita Halappanavar, daktari wa meno, akalazwa mimba ikiwa ya wiki 17 na imeshaanza kuharibika. Aliomba itolewe. Akaambiwa moyo bado unapiga. Maambukizi yakaingia kwenye damu, akafa. Mwaka 2018 watu wakarudi kwenye masanduku, na asilimia 66.4 wakakiondoa kile kifungu. Angalia hizo hesabu mbili. Karibu fungu lile lile la watu, kuweka na kuondoa, na kati yake neno moja ambalo kwenye karatasi halikuwa na ubaya wowote.

Nimezunguka mara mbili sasa. Niseme ninachokizunguka.

Lile pengo la miaka sita kati ya kaka yako na wewe unalijua, na unajua hatukulipanga. Bibi yako alikuambia ni kazi ya Mungu, ukaacha kuuliza. Ilikuwa mimba ya miezi minne, na ilitoka. Kiswahili chetu kimeyatenganisha haya mawili kwa herufi moja tu: mimba kutoka, mimba kutoa. K ikiwepo ni msiba, watu watakuja kukupa pole. K ikidondoka ni kosa la jinai.

Aliyekuwa zamu usiku ule hakuwa mtu mbaya. Nimejilazimisha kuamini hivyo, na siku nyingi naweza. Alikuwa na faili, kalamu na woga. Damu ilikuwa imeshafika sakafuni, naye anamwuliza mama yako: "Imetoka au umeitoa?" Akajibiwa. Akauliza tena, polepole, kama kwa mtu asiyesikia. Mara ya tatu akaligeuza: "Nani alikusaidia?" Alihitaji kujua aandike nini, maana akiandika vibaya angeitwa yeye. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni. Mimi, mtu wa maneno, neno lililonitoka ni "sisi ni mke na mume", kana kwamba hilo ndilo lililoulizwa. Mama yako alinitazama. Ule mtazamo bado ninao.

Walimhudumia, ndiyo, baadaye. Hatia ilitafutwa kwanza.

Ukidhani hayo ni ya usiku mmoja na mtu mmoja, soma mambo ya El Salvador, ambako tangu 1998 katazo halina "isipokuwa" hata moja. Mwanamke mmoja, anayetajwa kwa jina la Manuela, alifika hospitali mwaka 2008 akiwa amepoteza mimba. Akafungwa pingu kitandani, akahukumiwa miaka 30 kwa kosa la mauaji, na mwaka 2010 akafa kwa saratani akiwa bado mfungwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilikuja kusema mwaka 2021 kwamba dola ndiyo ya kuwajibika. Sheria isiyo na "isipokuwa" haina pa kuiweka ile K. Kila anayevuja damu anakuwa mshukiwa.

Sasa la pili, ambalo hulijui.

Wewe ukiwa ndiyo kwanza unatambaa, hoja kama hii yako ililetwa bungeni. Zamu yangu ilikuwa ya alasiri, vipokea sauti masikioni. Akasimama mheshimiwa mmoja, msemaji hodari, mtu ambaye sisi wa idara tulimpenda kwa sababu sentensi zake zilikuwa na mwanzo na mwisho. Akasema: "Mheshimiwa Spika, hawa wakifika hospitali wote husema mimba imetoka. Imetoka! Kwani ilikuwa inakwenda wapi?"

Ukumbi ukaangua. Makofi ya meza, hadi Spika mwenyewe. Nami nikaandika, ndani ya mabano, kama kanuni inavyotaka: (Kicheko).

Zile kurasa nilizileta nyumbani, kama nilivyokuwa nikifanya, kwa sababu mama yako ndiye aliyekuwa jicho langu la pili. Hajawahi kupitwa na kosa la tahajia. Alisoma na penseli yake mpaka akafika pale. Akasimama. Akaniuliza bila kuinua uso: "Na wewe ulicheka?"

Nikamjibu: "Mimi huandika tu."

Hakusema kitu. Akaendelea kusahihisha mpaka ukurasa wa mwisho. Kwenye ule ukurasa hakuweka alama yoyote, maana haukuwa na kosa.

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka kabla sijajua ninakicheka nini, kwa sababu mchezo wa neno ulikuwa mzuri na mimi ni mtu ambaye ukimchezea neno vizuri umemkamata. Ilikuwa K ile ile. Nilisimama nayo mlangoni miaka mitatu nyuma, na sikuitambua ilipopita masikioni mwangu.

Hapo najua utasema: basi Baba, jibu limeshapatikana. Halijapatikana. Kicheko kibaya hakiharibu hoja ya upande uliocheka. Siku ile ile alisimama mzee mmoja wa upande huo huo ambaye hakucheka. Alisema yuko mmoja katika mjadala huu ambaye hataomba mwongozo wa Spika, hana kiti wala kipaza sauti, kwa hiyo yeye anasimama badala yake, na wanaomwona wa zamani wamwone wa zamani. Ukumbi ulikuwa ukipiga soga. Mimi nilimwandika neno kwa neno, na sijawahi kupata la kumjibu. Ile mimba yetu tulikuwa tumeshaipa jina. Kama kilichotoka hakikuwa kitu, tulilia nini? Mimi bado ni mtu wa kusali, na hilo unalijua.

Lakini kulia kulikuwa kwetu. Hakuna kifungu kilichotuamuru kulia. Na yule aliyemkatalia Savita hakuwa akimlilia mtu. Alikuwa akisoma neno "sawa" kwa woga. Unaona? Nikisimama upande mmoja, najikuta najijibu kutoka ule mwingine.

Na hao wanaoiogopa "au" si wapumbavu, usiwaandike hivyo kwenye utangulizi wako. Sheria ya Uingereza ya 1967 inadai madaktari wawili na hatari kwa afya ya mwili au ya akili, na sehemu kubwa mno ya wanaotoa mimba kule hupitia mlango huo wa afya, kabla ya kikomo cha wiki 24. Mmoja ataita huruma, mwingine ataita tundu. Ni kijineno kile kile. Ukiulizwa kwenye kamati, usikane kwamba vijineno hupanuka. Kubali, kisha uulize kikibanwa humbana nani.

Ibara ya 26 ya Katiba ya Kenya ya 2010 umeinakili vizuri, ila umeiacha peke yake. Inaanza na "hairuhusiwi", upande mmoja unapiga makofi. Inafuata "isipokuwa": kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, penye haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama ikiwa hatarini. Makofi upande wa pili. Lakini kanuni ya adhabu ya zamani haikuguswa, miaka 14 kwa anayetoa, 7 kwa mwanamke. Mwongozo wa watabibu ukatolewa 2012, ukaondolewa mwaka uliofuata, na 2019 Mahakama Kuu ikasema kuuondoa kulikuwa kosa. Miaka hiyo yote katikati, mtu wa zamu alikuwa ameshika kitabu kipi? Hilo ndilo liwe aya yako ya kwanza.

Na Roe, ile kesi ya Marekani ya 1973 iliyotambua haki ya kutoa mimba, itoe. Ilisimama juu ya faragha, neno ambalo katiba yao haikuliandika, na 2022 majaji wengine wakaisoma katiba ile ile wakasema hawalioni. Wafaransa waliliona hilo, ndiyo maana 2024 wakaandika utoaji mimba kabisa kwenye katiba yao. Hata hivyo nao waligombana kwanza, liwe "haki" au "uhuru". Seneti ilitaka uhuru, na uhuru ndio uliopita, kura 780 kwa 72. Nadhani Seneti ilikuwa na hila. Au ilikuwa na tahadhari. Tuyaache.

Kuhusu kura yangu. Kwenye karatasi hii nimeianza sentensi hiyo mara mbili. Ya kwanza nimeikata, ya pili nimeifunika wino mpaka karatasi imechubuka. Iinue kwenye mwanga ukitaka, najua utaiinua, wewe ni mkaidi wa upande wa mama yako. Kalamu inaniwasha, sikufichi. Lakini nikikuandikia "ndiyo" utanitaja kwenye kamati kama baba mcha Mungu aliyekubali, na nikikuandikia "hapana" utanyamaza wiki tatu, na kote kuwili mama yako atakuwa ameachwa mlangoni kwa mara nyingine huku mimi nikitoa maelezo. Nilitaka kumalizia kwamba mimi huandika tu. Neno hilo siliandiki tena.

Rasimu naituma na alama za penseli. Nyingi ni za nukta na mkato, msikasirike. Ukurasa wa 4, kifungu kidogo cha (b), mmeweka "uhai na afya ya mama vinapokuwa hatarini". Sijui ni nani kati yenu aliyeiingiza hiyo "na". Kwa "na" hiyo mtu wa zamu atakaa na kalamu yake akingoja vyote viwili viharibike. Nilipofika hapo nikanoa penseli ili niizungushie, nikakuta mama yako amenitangulia. Ameikata kwa wino mwekundu, na pembeni, kwa ule mwandiko wake wa kusimama, ameandika "au".

Baba yako