Kipimo cha saa kumi jioni hakitoshi
Kaka, kama mzee wako wa miaka 58 kapimwa testosteroni (homoni ya kiume) mara moja tu, tena saa kumi jioni, asikimbilie sindano za kuiongeza. Homoni hiyo huwa juu asubuhi, kisha hushuka. Arudie kabla ya saa nne asubuhi, hajala kitu, na ikitoka chini apime tena siku nyingine. Kushuka kama asilimia 1 kwa mwaka kuanzia miaka ya 40 ni kawaida. Mimi ningeanza na kitambi, sukari na ule mkoromo wa usiku, vyote huishusha. Na kama bado anataka mtoto (wazee wetu hawa, huwezi jua!), sindano hizo hupunguza mbegu za kiume, na damu huweza kuwa nzito.